Chujio la sinki baada ya mwaka mzima: kidude hiki kimenisaidia kuliko vyote nilivyonunua

Jamani nimekaa na hiki kitu mwaka mzima sasa, naona naweza kukisema bila kubahatisha. Ni chujio la sinki, lile la wavu wa stenlesi lenye umbo la kibakuli na mdomo mpana, unaliweka tu juu ya tundu, halina skrubu wala halihitaji fundi. Nililinunua pamoja na vitu vingine kwa mpigo mmoja, sabuni ya unga isiyo na fosfeti, mfuko wa kufulia wa kunasa nyuzi na dawa ya maji ya kuzibua bomba, na nia yangu ilikuwa moja tu, uchafu wa nyumba yangu uache kwenda kijitoni. Vyote nitavigusa ila chujio ndo nitalikalia zaidi, maana ndo lililonifungua macho.

Chanzo chake ni siku chemba ya nje ilipofurika. Maji meusi yanatoka pembeni ya mfuniko, yanatiririka mpaka kwenye mtaro, na ule mtaro hauna pengine pa kwenda, unashuka moja kwa moja kijitoni. Na hapa niseme kabisa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui, mtaro wa maji ya mvua sehemu nyingi duniani hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji, unamwaga mtoni vile vile ulivyopokea. Bomba la majitaka ndo linaenda kwenye mtambo au kwenye karo, yaani shimo la majitaka la nyumbani, sasa likiziba hilo, majitaka yanapanda juu yanatafuta njia, na njia iliyo karibu ni mtaro. Kwa hiyo kuziba kwa bomba siyo shida ya mwenye nyumba peke yake, ni shida ya kila kiumbe kilichoko huko chini.

Fundi akaja, akafunua, akaingiza fimbo yake ndefu akasukumasukuma weee, mwishowe akavuta bonge jeupe. Gumu, limeshikana, ukilitazama unaweza kusema ni nta ya mshumaa. Akalipasua kwa ncha ya koleo, ndani mna punje za wali, majani ya chai, nywele, na kipande cha waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia, bado kizima kabisa hata hakijachakaa. Akaniambia, "Dada, hii imetoka jikoni kwako hii. Mafuta haya." Nikambishia, mimi simwagi mafuta kwenye sinki hata siku moja. Akaniuliza kwa upole tu, "Kikaango unakioshaje?"

Sikuwa na jibu. Nakiosha kama kila mtu anavyokiosha, maji ya moto na sabuni ya maji nyingi, mafuta yanayeyuka yanapotea, nafurahi kimeng'aa. Kumbe hayajapotea. Yale mafuta yanakuwa maji kwa sababu ya joto, yakifika mbele kidogo kwenye bomba la chini ya ardhi kuna ubaridi, yanaganda yanashika ukutani, halafu yakikutana na madini ya chokaa yaliyomo kwenye majitaka yanageuka kitu kama sabuni ngumu. Kila siku safu nyembamba, kila kinachopita kinanata hapo. Mwaka 2017 London, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la namna hiyo lina urefu wa mita 250 na uzito wa kama tani 130, mafuta na waipsi na pampasi vimeshikamana vikawa kama zege, wafanyakazi walihangaika nalo wiki kadhaa. Kipande chake kikawekwa makumbusho watu wakione. Na lile halikuletwa na kiwanda kimoja kikubwa, lilikusanyika vijiko kwa vijiko kutoka jikoni za watu na za migahawa, watu ambao kila mmoja angekwambia kama mimi nilivyosema, mimi simwagi mafuta.

Basi ndo nikanunua chujio. La kwanza lilikuwa la plastiki na hilo sikushauri, ndani ya mwezi lilipinda kwa maji ya moto, likawa halikai sawa, uchafu unapita pembeni. La pili ndo hili la stenlesi ninalolisifia. Lina upana wa kama sentimita 11 kwenye mdomo, kibakuli chake kina kina cha vidole viwili hivi, na wavu wake siyo ule wa matundu ya kuchomwa, ni wavu wa nyuzi zilizofumwa. Nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba linakuonyesha. Zamani mabaki ya kwenye sahani yalikuwa yanaingia tunduni, yakiingia basi, huyafikirii tena. Sasa kila baada ya kuosha vyombo naliinua, nalitazama, na nashangaa kila siku. Siku ya kwanza nilijua nimekung'uta sahani vizuri kabisa kwenye ndoo ya taka, nikaosha, chujio likajaa nusu. Yaani hiyo nusu kibakuli ndo ilikuwa inakwenda bombani mara mbili kwa siku, miaka yote hiyo.

Mtu atasema ah, chakula si kinaoza tu, ni kitu cha asili, mtoni samaki watakula. Mimi pia nilidhani hivo. Shida ni kule kuoza kwenyewe. Vijidudu vinavyoozesha chakula ndani ya maji vinatumia oksijeni ile ile ambayo samaki anaivuta, ukileta chakula kingi vijidudu vinaongezeka, oksijeni inaisha, samaki anaelea. Maziwa ndo mabaya kuliko unavyofikiri, lita moja ya maziwa inahitaji oksijeni mara mia kadhaa zaidi ya lita ya majitaka ya kawaida ya nyumbani ili ioze. Glasi ya maziwa yaliyochacha tunaimwaga kwenye sinki bila hata kuwaza, na chujio hapo halisaidii chochote maana ni kitu cha maji. Nayamimina kwenye mboji sasa, kidogo kidogo, nachanganya na majani makavu yasinuke. Kama huna mboji chimba kashimo kwenye udongo mbali na maji ufukie.

Sasa mafuta. Chujio halizuii mafuta, hili liwe wazi kabla hujalalamika. Lakini mimi liliponizoesha kutazama ndo nikaanza na hili la pili, kopo la glasi lenye mfuniko linakaa pembeni ya jiko. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango nayaacha yapoe, nayamimina humo. Yanayobaki yameshika chuma nayafuta na karatasi au kitambaa kikuukuu KABLA maji hayajagusa kikaango, na ile karatasi inaenda kwenye ndoo ya taka. Hapa ndo siri yote ilipo kusema kweli, kufuta kabla ya kuosha. Utaona hata sabuni ya maji unatumia tone moja badala ya kumwaga, maana sabuni nyingi tunayotumia kwenye vyombo tunapigana na mafuta ambayo karatasi ingeyabeba kwa sekunde tano. Kopo likijaa nafunga mfuniko natupa na taka ngumu, na kama uliko kuna watu wanaokusanya mafuta yaliyotumika wapelekee, yanatengenezewa sabuni na dizeli.

Kuna siku nilisahau kuangalia, nikaosha sufuria yenye mafuta juu ya chujio bila kufuta. Wavu ukaziba kabisa, maji yakasimama kwenye sinki kama yamezibwa na kizibo. Wapo wanaotoa nyota moja kwa sababu hii, wanasema chujio linaziba. Mimi naliona ni jema hilo, kwa sababu lile tope lililoziba wavu mbele ya macho yangu ndo lingeziba bomba huko nisikokuona. Unalichovya kwenye maji ya moto kwenye bakuli, unalisugua na mswaki wa zamani, na yale maji yenye mafuta usiyamwage sinki tena, subiri yapoe utando uje juu uutoe na karatasi. Ni kazi ya dakika tatu.

Kasoro halisi ya chujio langu ni ukingo. Mdomo una raba nyeusi imezungushwa, baada ya miezi kama saba ikaanza kuachia upande mmoja, na chini ya raba uchafu unajificha unanuka. Niliitoa yote nikabaki na chuma kitupu, linakaa vizuri tu isipokuwa linasogea ukifungulia bomba kwa nguvu. Kama unachagua, chukua lenye ukingo wa chuma mtupu tangu mwanzo, la raba uliache.

Ile dawa ya kuzibua bomba nayo niliitumia mara moja tu na sitarudia. Ni kostiki soda yenye nguvu, na ndiyo, inazibua, inakula mafuta na nywele, ila soma yale maandishi ya onyo nyuma ya chupa kama mtu anayekwenda kukimwaga kitu hicho kwenye maji. Nyumba yenye karo ndo hatari zaidi, maana karo linafanya kazi kwa sababu ya vijidudu vilivyomo, ukimwaga madawa makali au klorini nyingi unaviua, uchafu unaacha kuoza, unatoka mbichi unaingia ardhini na kwenye visima. Na usije ukachanganya klorini na dawa yoyote ya asidi ya chooni, hewa inayotoka hapo inaua. Tangu niweke chujio sijahitaji dawa tena, chupa iko juu ya kabati karibu imejaa, na sitaimwaga popote, nitaipeleka wanakopokea taka za sumu.

Sabuni ya unga isiyo na fosfeti hiyo naipa nyota nne. Kwanza nieleze kwa nini niliitafuta, maana watu wengi wanaona neno hilo kwenye boksi wanalipita. Fosfeti iliwekwa kwenye sabuni kwa kazi ya maana, inashika madini ya kalisi na magnesi yaliyomo kwenye maji magumu ili sabuni itoe povu na nguo zitakate. Ubaya wake unaanza ikifika ziwani, kwa sababu fosforasi ni mbolea. Kuna jaribio moja maarufu la mwaka 1973 kule Ontario, Kanada, mwanasayansi David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo wanaloliita Ziwa 226, wakaligawa katikati kwa pazia la plastiki, upande mmoja wakaweka kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakaweka vile vile viwili pamoja na fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani inatosha, upande mmoja maji meusi ya kawaida, upande wenye fosforasi kijani kibichi tupu, mwani umetanda. Mwani ukifa unaoza, na kuoza ndo kule kule tulikosema, oksijeni inakwisha. Ziwa Erie, lililoko mpakani mwa Marekani na Kanada, lilikuwa limefikia hali mbaya sana miaka ya 1960 kwa sababu ya mambo haya, na mwaka 1972 Marekani na Kanada wakasaini mkataba wa kupunguza fosforasi inayoingia kwenye yale maziwa makuu. Umoja wa Ulaya ukaja kubana fosfeti kwenye sabuni za kufulia nyumbani kuanzia mwaka 2013, na za mashine za kuosha vyombo kuanzia 2017. Maana yake sabuni bila fosfeti inawezekana kabisa, viwanda vinaweka vitu vingine kama zeolaiti au sitreti badala yake na nguo zinatakata.

Je zinatakata kweli? Zangu ndiyo, isipokuwa nguo nyeupe mwezi wa kwanza zilikuwa na ukijivujivu fulani. Tatizo lilikuwa mimi naweka nyingi mno. Kikombe kinachokuja ndani ya boksi ni kikubwa kuliko kipimo, ukitazama vizuri kwa ndani kuna mstari chini kabisa, na ndo kipimo cha nguo za kawaida. Nikashuka mpaka kwenye mstari, ukijivu ukaisha, boksi likakaa karibu mara mbili ya zamani. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya maandishi ya mbele, wameandika kwa herufi kubwa kwamba "inaoza kiasili" na lile neno "haina fosfeti" wamelificha pembeni kwa herufi ndogo, wakati hivyo ni vitu viwili tofauti. Sabuni inayooza kiasili bado inaweza kuwa na fosfeti, na hata isiyo na fosfeti haimaanishi sasa ukafulie mtoni. Sabuni yoyote ikiingia kwenye maji kabla haijaoza inaondoa ute unaolinda matamvua ya samaki, na inahitaji muda na udongo ili vijidudu viimalize. Ukifulia nje, maji ya sabuni yamwage kwenye udongo wenye majani, mbali na ukingo wa mto, mita 60 au zaidi.

Hapo hapo gari. Ukioshea gari kwenye sakafu ya zege, povu na masizi na matone ya oili vinakimbilia mtaroni, na nimeshasema mtaro unakokwenda. Sogeza gari kwenye nyasi au changarawe, au lipeleke kwa waoshaji ambao maji yao yanaingia kwenye bomba la majitaka.

Mfuko wa kunasa nyuzi ndo ulionichanganya. Ni mfuko wa kitambaa laini sana cha wavu, unaingiza nguo za polista na akriliki, unafunga zipu, unautupa kwenye mashine ya kufulia na nguo nyingine. Nguo hizi ni plastiki iliyosokotwa, kila ukifua zinakatika nyuzi ndogondogo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth mwaka 2016 walikadiria kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki mara moja kunaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Mitambo ya majitaka inazuia nyingi lakini si zote. Mfuko wangu baada ya kufua mara tatu nne unakuta kwenye kona kuna vumbi la kijivu, laini, unalikusanya kwa kidole linakuwa kama kipande cha pamba. Kwa hiyo unafanya kazi. Lakini unabeba nguo chache, blanketi haliingii, na maelekezo yake hayasemi kwa nguvu jambo la muhimu kuliko yote, usiuoshe mfuko kwenye bomba! Ukiusuuza umezirudisha nyuzi zote ulizozinasa. Acha ukauke, geuza nje ndani, okota kwa mkono, tia kwenye ndoo ya taka. Naupa nyota tatu. Kwa nyumba nyingi naona kufua nguo za polista mara chache, mashine ikiwa imejaa na maji ya baridi, kunasaidia karibu sawa na mfuko wenyewe.

Waipsi sina cha kusifia. Zile zilizoandikwa unaweza kuzitupa chooni, msizitupe chooni. Karatasi ya chooni ukiitia kwenye glasi ya maji ukakoroga inasambaratika, fanya hivyo hivyo na waipsi uone, kesho yake bado iko nzima. Kile kipande alichokitoa fundi kwenye bonge langu kilikuwa cha aina hiyo hiyo. Na dawa zilizopitwa na muda nazo si za chooni, mitambo ya kusafisha maji haikujengwa kuondoa dawa za binadamu, baadhi ya famasi zinapokea zilizobaki, waulize.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia chujio na kopo la mafuta, siku hiyo hiyo, kabla ya sabuni na kabla ya mfuko. Chujio nalipa nyota nne na nusu, hiyo nusu ni ya raba. Fundi nilimwita tena mwezi uliopita afunue chemba, haikuwa imeziba, nilitaka tu kujua. Akamulika na tochi ya simu, akaniita nichungulie, ukuta wa bomba unaonekana, maji yanapita chini membamba. Akasema, "Dada hapa hujanitafutia kazi." Nikampa hela yake ya kuja.

Ukienda kununua, pima tundu la sinki lako kwanza kwa rula, upana wa ndani na upana wa ule ukingo wa chuma, maana yanauzwa ya saizi tofauti na lisilokaa sawa ni sawa na kutokuwa nalo. Na chukua mawili, la pili weka bafuni kwenye tundu la sakafu, nywele utakazozikuta humo wiki ya kwanza utaniandikia mwenyewe.